Nani Aliachia? Kosa Moja la Ulinzi na Namna ya Kulichunguza

Tarehe 26 Novemba 2006, katika mji wa Nashville, Marekani, kijana wa miaka 23 mwenye jina la Kiganda alimkamata mpinzani wake kwa mikono miwili, akamshika barabara, kisha akamwachia. Kitendo chenyewe hakikufika hata sekunde tatu. Timu yake, New York Giants, ilikuwa imeanza robo ya nne ya mchezo ikiongoza kwa alama 21 kwa 0. Mchezo ulipokwisha, Tennessee Titans walikuwa na alama 24 na Giants walikuwa bado na zile zile 21. Kesho yake magazeti ya New York yalikuwa yameshampata mkosaji: Mathias Kiwanuka.

Nimelichagua tukio hili kwa insha ya historia, na wala si ya michezo, kwa sababu linauliza swali ambalo wanafunzi wa historia tunaulizwa kila siku: jambo likiharibika, tutajuaje kazi ilikuwa ya nani? Sababu yangu ya pili ni lile jina. Mimi ni mzaliwa wa Vurra, kusini kidogo ya mji wa Arua, pale malori yanapopanga foleni kusubiri forodha ili yavuke kwenda Aru, upande wa Kongo. Ukiishika barabara hiyo hiyo kuelekea kaskazini, ukapita Arua, utafika Koboko, na huko ndiko uliko ukoo wa baba yake Idi Amin. Babu yake Mathias alikuwa Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu, ambaye aliuawa chini ya utawala wa Amin mwaka 1972. Mtu wa kwetu akikutana na jina hilo, hata katika habari za mchezo wa ng'ambo, hawezi kulipita tu.

Kwa wenzangu ambao mpira wao ni wa miguu pekee, nieleze kidogo. Mpira wa Kimarekani huchezwa na watu 11 kila upande kama wetu, lakini hauendi mfululizo. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kuusogeza yadi 10. Ikifaulu, hupewa majaribio mengine 4. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kila jaribio huanza watu wakiwa wamesimama, na kabla halijaanza kila mmoja ameshaambiwa la kufanya. Beki wa timu ya Arua hupata maelekezo ya jumla kabla ya mechi, halafu kwa dakika 90 hujitegemea kwa macho yake na sauti ya kipa. Beki wa Kimarekani hupangiwa kazi mpya kila jaribio: wewe mkabe huyu popote aendapo, wewe linda eneo hili, atakayeingia humo ni wako, wewe kaa nyuma ya wote, asikupite mtu, ninyi wanne mkimbilieni mrushaji.

Mrushaji, ambaye wao humwita kotabeki, ndiye anayeupokea mpira kwanza na kuamua aurushe kwa nani, au akimbie nao mwenyewe. Akikamatwa na kuangushwa kabla hajaurusha, jaribio limekufa.

Kwa hiyo kosa la kukaba katika mchezo huu ni jambo linaloweza kuchunguzwa kwa ukaribu kuliko katika mchezo wetu, kwa kuwa kuna mpango uliotangulia. Kosa hutokea mtu mmoja asipoifanya kazi yake, au watu wawili wakidhani kuwa kazi fulani ni ya mwenziwe. Hili la pili ndilo gumu. Mtazamaji humwona mshambuliaji yuko peke yake, hana mtu mbele wala nyuma, na papo hapo macho humtafuta beki aliye karibu. Huyo wa karibu ndiye anayelaumiwa. Lakini mara nyingi wa karibu ni yule aliyeacha kazi yake kwenda kuokoa ya mwenzake, akachelewa hatua mbili. Aliyekosa hasa yuko mbali, pengine hata kwenye picha hayumo.

Jambo hili si geni kwetu. Tarehe 21 Januari 2017, katika mji wa Port-Gentil nchini Gabon, Uganda ilicheza na Misri kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, fainali zetu za kwanza tangu zile za 1978. Dakika ya 89 Mohamed Salah alimpasia Abdallah El Said, naye akapiga, mpira ukapita katikati ya miguu ya kipa Denis Onyango. Tukafungwa 1–0. Katika kibanda nilimotazama mechi ile mjini Arua, kelele zote zilimwendea Onyango, mtu ambaye mwezi huo huo alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa mwaka kati ya wale wanaocheza barani Afrika. Mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi la nyuma ndiye peke yake aliyeuliza: "Huyo aliyepiga alikuwa wa nani?" Hakuna aliyemjibu. Kipa ndiye mtu wa mwisho kuonekana kabla ya nyavu kutikisika, basi ikawa yake.

Swali la mzee yule ndilo swali ambalo makocha wa Marekani hukaa nalo kila Jumatatu, wakirudisha picha nyuma na kuzipeleka mbele. Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni wa Denver, tarehe 12 Januari 2013. Denver Broncos walikuwa mbele kwa 35–28 dhidi ya Baltimore Ravens, na mchezo ulikuwa unahesabu sekunde za mwisho. Ravens walikuwa na yadi 70 za kwenda, na hawakuwa na haki yoyote iliyobaki ya kusimamisha saa. Mrushaji wao, Joe Flacco, aliutupa mpira juu sana na mbali sana. Jacoby Jones alimpita beki wa pembeni, Tony Carter, akaupokea mpira nyuma ya kila mtu, akaingia nao hadi mwisho wa uwanja. Saa ilionyesha sekunde 31. Ravens waliyasawazisha matokeo hivyo, wakashinda 38–35 katika kipindi cha pili cha nyongeza, na majuma matatu baadaye wakatwaa ubingwa.

Tuitazame picha hiyo kama wanahistoria wanavyotazama hati. Mara ya kwanza unamwona Carter akimwacha Jones apite, wala hamfuati kwa kasi, na unasema: huyu. Mara ya pili unajiuliza kwa nini beki wa daraja hilo aachie kirahisi vile, ndipo unapogundua kwamba Carter alikuwa akimkabidhi Jones kwa mtu wa nyuma yake. Mtu huyo ni Rahim Moore, mlinzi wa mwisho. Kazi ya Moore katika sekunde zile ilikuwa moja tu, asipitwe. Lakini alikuwa amesogea mbele kuliko ilivyofaa. Alipogeuka kuufuata mpira aliruka mapema, akaukosa, akaanguka. Moore mwenyewe alijitokeza baada ya mchezo akasema kosa ni lake. Je, uchunguzi umekwisha? Kwa magazeti, naam. Lakini kuna la tatu. Denver walirudishiwa mpira wakiwa na sekunde 31, haki 2 za kusimamisha saa, na mrushaji hodari kuliko wengi waliopata kuucheza mchezo huo, Peyton Manning. Kocha wao aliamua wapige goti na kusubiri muda wa nyongeza. Uamuzi huo ulisahaulika upesi. Moore alikuwa ameshaanguka mbele ya kamera, na aliyeanguka mbele ya kamera huwafunika wengine.

Sasa turudi Nashville, kwa Kiwanuka. Nitayapanga mambo kwa mfuatano wake, kwani mfuatano ndio unaopotea wa kwanza pale watu wanapotafuta wa kumlaumu.

Kiwanuka alikuwa katika mwaka wake wa kwanza wa kazi. Giants walimchukua kutoka Boston College kwa nafasi ya 32, ya mwisho katika duru ya kwanza ya usajili wa mwaka ule. Hawakumchukua ili aanze mara moja. Nafasi yake, ya kumkimbilia mrushaji kutoka pembeni, ilikuwa na wenyewe: Michael Strahan, Osi Umenyiora, na nyuma yao Justin Tuck. Kufikia mwishoni mwa Novemba wote watatu walikuwa majeruhi. Kijana aliyekuja kujifunza alijikuta ndiye mlinzi wa zamu.

Robo ya nne ilipoanza, mbele ikiwa 21–0, mrushaji wa Giants, Eli Manning, aliurusha mpira mbali kwa Plaxico Burress. Beki wa Titans, Adam Jones, akaunyakua yeye. Burress, badala ya kupigania mpira au kumfukuza aliyeunyakua, alionekana kukata tamaa, na Jones akakimbia nao. Titans wakapata alama zao 7 za kwanza. Baadaye wakapata 7 nyingine. Ikawa 21–14.

Zikiwa zimebaki pungufu ya dakika 3, Titans walifika jaribio la 4, na walihitaji yadi 10. Wakishindwa hapo, mchezo umekwisha. Mrushaji wao alikuwa Vince Young, naye pia mgeni wa mwaka wa kwanza, mrefu, mwenye mbio za ajabu. Aliupokea mpira, akatazama mbele, hakuona wa kumrushia. Jambo hili halikusemwa sana, nami nalitilia uzito: wale waliopewa kazi ya kukaba huko mbele walikuwa wameifanya. Wapokeaji walikabwa, ndiyo maana Young alikaa na mpira mkononi mpaka Kiwanuka akamfikia. Kiwanuka alimshika kiwiliwili. Lililobaki lilikuwa kumlaza chini.

Akamwachia. Young akakimbia yadi 19.

Baada ya mchezo Kiwanuka alieleza kwamba alidhani mpira umeshaondoka mkononi mwa Young. Asiyeijua sheria ataliona hilo ni neno la kitoto. Anayeijua ataelewa: ukimwangusha mrushaji baada ya mpira kuondoka, timu yako huadhibiwa yadi 15 na wapinzani hupewa majaribio mapya. Yaani kosa moja lingewapa Titans zaidi ya kile walichokihitaji. Kijana alikuwa na kazi mbili katika pumzi moja: mwangushe, lakini usimwangushe kwa kuchelewa. Alichagua ya pili wakati wa ya kwanza.

Na wale wa nyuma? Kuna ubaya mmoja katika kukaba mtu kwa mtu: mlinzi humfuata mtu wake na kumpa mrushaji mgongo. Mrushaji akiponyoka, walinzi hawamwoni, uwanja wote unabaki wazi kama shamba baada ya mavuno. Ndiyo sababu mtu wa mbele akimshika mrushaji asimwache. Hakuna wa kumsaidia. Kwa hiyo hukumu yangu juu ya jaribio lile haina mgogoro: kazi ilikuwa ya Kiwanuka, na aliyeachia ni Kiwanuka. Hakusingiziwa.

Lakini jaribio lile halikuufunga mchezo. Titans walipata alama za kusawazisha zikiwa zimebaki sekunde 44, Young alipomrushia Brandon Jones. Walinzi wengine walikuwa na nafasi kadhaa za kuwazuia kabla ya hapo, na hawakuwazuia. Halafu Giants, wakiwa sawa 21–21 na muda mdogo kabisa, badala ya kutulia waurudishe mchezo katika muda wa nyongeza, walirusha tena, na Adam Jones akanyakua tena. Rob Bironas akapiga mpira kwa mguu kutoka yadi 49, ukapita kati ya milingoti zikiwa zimebaki sekunde 6. Ukihesabu vizuri, katika alama zile 24 kosa la Kiwanuka linagusa 7 moja kwa moja, na zile 3 za mwisho kwa mbali. Zile 14 za mwanzo zilikuwa na wenyewe. Hata hivyo picha iliyorudiwa na kurudiwa ni ile ya mikono inayofunguka.

Wakufunzi wake, inavyoelekea, walihesabu kama nilivyohesabu, maana hawakumtupa. Mwaka uliofuata walimhamishia katika mstari wa pili wa ulinzi, mahali ambapo mchezaji hulazimika kujifunza kukaba wapokeaji pamoja na kumkimbilia mrushaji. Alivunjika mguu Novemba 2007, akaitazama timu yake ikitwaa ubingwa Februari 2008 akiwa pembeni. Mwaka 2012 Giants walipotwaa tena, yeye alikuwa uwanjani.

Nije kwa babu yake. Benedicto Kiwanuka alikuwa mwanasheria aliyesomea London, kiongozi wa chama cha Democratic Party, na aliongoza serikali ya Uganda kabla ya uhuru. Chama chake kilishindwa katika uchaguzi wa Aprili 1962, na uhuru wa Oktoba ukapokelewa na Milton Obote. Mwaka 1969 Obote alimfunga. Januari 1971 Amin alipoipindua serikali, alimfungua, na miezi michache baadaye akamfanya Jaji Mkuu, Mwafrika wa Uganda wa kwanza kushika cheo hicho. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamtoa ofisini kwake, wakamtia garini. Hakuonekana tena. Siku chache kabla, alikuwa ametoa amri ya kuachiliwa kwa Mwingereza mmoja aliyezuiliwa na askari bila kufuata sheria. Siku chache kabla vile vile, wafuasi wa Obote walikuwa wamevamia kutoka Tanzania, na serikali ilikuwa ikiona adui kila mahali. Serikali ilikana kuhusika na kutoweka kwake.

Sasa niulize kama yule mzee wa kibandani: kazi hii ilikuwa ya nani?

Nilipofika chuoni Kampala, mwanafunzi mwenzangu aliposikia kwetu ni Arua alisema, huku akicheka, "Kumbe ninyi ni watu wa Amin." Hakuwa na nia mbaya, nadhani. Lakini ni usemi ule ule wa kumtafuta aliye karibu na mpira. Amin ni wa West Nile, basi West Nile ndiyo iliyoachia. Kwa wanaoitazama ramani kutoka mbali, Koboko na Vurra ni kitu kimoja, Mkakwa na Mlugbara ni mtu mmoja, na mlinzi wa lango la kambi mwaka 1972 ni sawa na mwenye nyanya sokoni leo.

Kazi zilikuwa zimeandikwa, na maandishi yapo. Mwaka 1971 serikali ya kijeshi ilitoa amri ya kisheria iliyowapa askari uwezo wa kumkamata mtu yeyote bila hati ya mahakama. Mwaka uliofuata ikatoa nyingine ya kuwalinda watumishi wake wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kwa jina la usalama. Huo ndio mpango uliosomwa kabla ya jaribio kuanza. Kisha kulikuwa na vikosi vyenye majina: State Research Bureau, Public Safety Unit, polisi wa kijeshi. Mwaka 1974 Amin mwenyewe, akisukumwa na lawama za nje, aliunda tume ya kuchunguza watu waliopotea, chini ya Jaji Mohamed Saied. Ni ajabu kidogo: mtuhumiwa kuunda tume ya kumchunguza. Ajabu zaidi ni kwamba tume ile ilifanya kazi yake. Ilisikiliza mashahidi, ikavitaja vikosi hivyo kuwa ndivyo vilivyohusika na sehemu kubwa ya kupotea kwa watu. Haikusema "watu wa kaskazini-magharibi." Ilitaja nani alikuwa na zamu.

Na mpango ule haukuwabagua watu wa kwetu. Machi 1974 Brigedia Charles Arube, Mkakwa, alijaribu kumpindua Amin akafa katika jaribio hilo. Mwezi huo huo Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara, ambaye muda mfupi kabla alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alitekwa Kampala na mwili wake ukaopolewa mtoni. Nikiwasimulia wenzangu habari ya Ondoga wengi husema ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina lake. Katika picha yao ya robo ile ya historia hayumo, kwa kuwa alisimama mahali ambapo kamera haikuelekezwa.

Kuna watakaoniambia kwamba natumia hesabu za mpira kuwaosha watu wa kwetu. Sivyo. Nilisema hapo juu kwamba Mathias Kiwanuka hakusingiziwa, na sitakuwa na kipimo kingine kwa jeshi la Amin. Walikuwamo humo askari wengi kutoka wilaya zetu, na baadhi yao walishika bunduki zile, walifungua milango ile ya magari. Kazi ikiwa imeandikwa kwa jina la mtu, naye akaitenda, ni yake, awe wa Koboko, awe wa Vurra, awe wa pengine. Ninalolikataa ni kumwandikia kazi mtu ambaye hakupangiwa wala hakuitenda, kisa amesimama karibu.

Kukataa huku si jambo la darasani tu, maana kosa hilo la hesabu lilishaua. Serikali ya Amin ilianguka Aprili 1979, na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliofuatana nayo yakafika mpaka West Nile kabla ya mwaka kufika katikati. Askari wa zamani wa Amin walivuka mpaka, wakarudi kushambulia mwaka 1980. Jeshi jipya la Uganda lilipokuja kuwajibu, waliopigwa zaidi ni raia. Nyumba zilichomwa, maduka ya Arua yakaporwa, watu wakakimbia kwa maelfu kuingia Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire, na Sudan. Bibi yangu alivuka hapo Vurra na mtoto mgongoni, akaishi upande wa Aru miaka kadhaa, na ndiko alikojifunzia Kiswahili ambacho alinifundisha mimi kabla sijaanza shule. Tarehe 24 Juni 1981, raia waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, mahali palipojulikana kuwa chini ya uangalizi wa Msalaba Mwekundu, walipigwa risasi ndani ya uzio wa misheni. Walikufa makumi kwa makumi, wanawake na watoto wakiwamo. Askari waliowaua walikuwa wakilipiza. Ukiuliza walimlipizia nani kwa nani, utarudi kwenye usemi ule ule: hawa ni watu wa Amin.

Mwaka 1986 iliundwa tume nyingine, ya Jaji Arthur Oder, ichunguze uvunjaji wa haki tangu uhuru hadi Januari mwaka huo. Iliitoa ripoti yake mwaka 1994, nene, yenye ushahidi kutoka pande nyingi za nchi, West Nile ikiwamo. Ni wachache wanaoisoma. Wahadhiri wetu wanaweza kutusaidia hapa: katika kozi za historia ya Uganda tunasoma vitabu vingi juu ya tabia ya Amin, ukubwa wa mwili wake, vituko vyake, vichekesho vyake, na kidogo sana juu ya zile amri za 1971 na 1972, ambazo ndizo karatasi za mpango. Mwanafunzi anamaliza mwaka akiijua sura ya mkosaji mmoja kwa undani na hajui nani alimpokea mpira, nani alimkabidhi, nani alipiga goti.

Tukio la Nashville lina kamera zaidi ya kumi na saa inayohesabu kila sekunde. Naweza kukuambia Bironas alipiga zikiwa zimebaki ngapi. Kwa tarehe 21 Septemba 1972 tunalo jengo, tunao ofisi alimokuwa, tunao watu waliomwona akitolewa. Mwili wake haukupatikana. Siku hizi Mahakama ya Uganda huandaa mhadhara wa kumkumbuka kila Septemba, na majaji huhudhuria wakiwa katika jengo lile lile alimochukuliwa. Ombaci nako kuna ukumbusho, na kila Juni husomwa misa. Kutoka Vurra ni safari fupi ya bodaboda hadi mjini Arua, kisha mbele kidogo, na mimi nimeshaifanya mara mbili.